Jina la Kuazima

Kuna watu wanaopatwa na mabaya kwa ubishi wao, na wengine kwa tamaa zao. Anastasie alipatwa kwa sababu siku moja, baada ya miaka ya kunyamaza, mtu alimwuliza habari zake kwa upole naye akajibu. Haya, mlaumuni basi.

Alikuwa mwuza ndagala pale Baraka, mji wa kando ya ziwa. Mitumbwi ikirudi asubuhi, yeye na wanawake wenzake waliingia ziwani mpaka magotini kugombania mafungu, halafu akawatandaza samaki wake mchangani, akawageuza, akafukuza kuku na bata wa watu, akawageuza tena. Mume hakuwa naye. Alikuwa na binti mmoja, Shukuru, aliyeolewa Mboko, ndiyo maana mji mzima ulimwita Mama Shukuru. Kwenye bei alikuwa na ulimi wa kukata kamba. Lakini ukimgusia habari za vita alikuambia, "Ilipita, tushukuru Mungu," na kuinamia samaki wake hata kama alikuwa amewageuza sasa hivi.

Ilipita wapi! Katika vita vya pili vya nchi ile, komanda mmoja aliyeshika vilima vya juu alishuka ziwani kutafuta wanaume wa kumbebea masanduku. Albert, mume wa Anastasie, alichukuliwa akiwa anashona wavu, sindano bado mkononi. Anastasie aliwafuata kwa nyuma akijificha ndani ya mihogo, mpaka kwenye kijito. Pale ndipo waliochoka kubeba waliambiwa wakae chini. Komanda alikuwa amejifunga begani kitambaa cheupe cha wanakwaya, chenye ukingo wa zambarau, alichokipora kanisani, na alikuwa akila hindi la kuchoma. Kwa gunzi lile lile la hindi aliwapa askari wake ishara. Kisha akaendelea kula. Anastasie aliona yote, na hakupiga kelele, na kwa kutopiga kelele akapona. Mambo hayo hakumwambia hata Shukuru.

Vita vikaisha kwenye karatasi. Komanda akashuka mlimani, akakabidhi bunduki kwa wakubwa hawa, akapewa nyingine na wakubwa wale, akanunua boti lenye injini na pikipiki kadhaa za kubeba abiria. Mke wake akazaa mapacha, na kwa heshima ya watoto hao kila mtu akamwita Baba Mapasa. Mtu mwenyewe mpole, anasalimia wazee, anatoa mchango misibani. Na Anastasie naye, kila akipita: "Jambo, Baba Mapasa." Ungefanya nini wewe? Baraka ni moja, barabara ni ile ile, na mtu hawezi kuhamia hewani.

Basi, mwaka wa elfu mbili na nane wakaja watafiti wa chuo kikuu cha ng'ambo. Alikuja mama mmoja mzungu, mkimya, mwenye kofia ya majani, na mkalimani wake, Norbert, mtu wa Bukavu, shati limepigwa pasi hata kwenye vumbi lile. Wanawake wajane waliitwa mmoja mmoja katika chumba cha nyuma ya zahanati. Wengi walitaka kujua kwanza kama kuna sabuni. Hakukuwa na sabuni. Kulikuwa na chai, na kidude cha kunasa sauti juu ya meza.

Norbert hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alieleza kila kitu taratibu. Sauti itaandikwa, maandishi yatawekwa kwenye tovuti ya chuo, ndani ya internet, ili dunia na vizazi vijavyo vijue watu wa upande huu wa Fizi walipitia nini.

"Lakini mama, usiogope," alisema. "Jina yako haitaonekana hata kidogo. Hii universite iko na sheria kali juu ya siri ya batu. Unachagua jina ingine, yoyote ile, njo tutaandika."

"Jina ya nani?" Anastasie akauliza.

"Ya muntu yeyote. Wewe mwenyewe unachagua."

Ya mtu yeyote! Kwa Norbert neno hilo lilikuwa jepesi, kama kuchagua kiti. Kwa Anastasie halikuwa hivyo. Nyumbani kwao jina halikubuniwa. Mtoto alipewa jina la bibi, la shangazi, la rafiki aliyesaidia siku ya uchungu. Mama yake alikuwa akiwachapa wakicheza kwa kuitana majina yasiyo na wenyewe, eti jina la namna hiyo likiitwa hujui ni nani ataitika. Kwa hiyo pale kitini, chai ikipoa, alitafuta jina lenye mwenyewe. Ya wafu aliyaruka, wafu wasisumbuliwe. Ya majirani pia, wasije wakapata balaa kwa ajili yake. Akamkumbuka yaya wake, yaani dada yake mkubwa, Constance Asende, aliyemlea mama yao alipofariki, ambaye vita vilimvusha ziwa na kumtupa kambini Nyarugusu, Tanzania. Mtu aliye ng'ambo, kwenye nchi ya watu wenye amani, nani atamgusa? Tena ni heshima: maneno mazito kama yale yabebwe na mkubwa.

"Andika Constance Asende," alisema.

Norbert akaandika. Hakuuliza Constance Asende ni nani, kwa maana alikwisha sema jina lolote.

Halafu Anastasie akazungumza. Lo! Hata yeye mwenyewe alijishangaa. Alisema habari ya sindano ya wavu, ya kijito, ya kitambaa cha kwaya na gunzi la hindi. Jina la komanda hakulitaja, alisema tu "yule mkubwa wao". Mama mzungu alilia kidogo, akatoa kitambaa, akaomba radhi kwa kulia. Anastasie alipotoka nje alihisi mabega mepesi, na wiki ile wenzake walimtania kwamba ameanza kuuza ndagala akiimba. Hiyo ndiyo furaha aliyoipata katika jambo hili, na nataka muijue, kwa sababu nyingine haipo.

Mwaka uliofuata, Papa Nasoro alileta internet Baraka. Alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kibanda karibu na bandari, kazi yake kunakili karatasi, kuchaji simu na kuandikia watu barua za maombi. Sasa akafunga sahani kubwa juu ya bati na jenereta nyuma, na watu wakafurika kuja kuona. Kila mtu alitaka aandike "Baraka" ili waone kama mji wao uko humo ndani. Na humo ndani, siku moja ya soko, kibanda kimejaa, Papa Nasoro akakutana na tovuti ya chuo.

Anastasie alisikia akiitwa tangu mbali.

"Mama Shukuru! Kuya mbio! Yaya yako ameingia ku internet!"

Alifika na mikono ina magamba. Papa Nasoro alikuwa anang'aa kwa furaha, kofia yake ya kitambaa imekaa upande. Alikuwa amekwisha wasomea wateja wote waliokuwamo, kwa sauti, akitafsiri kutoka Kifaransa, na alikuwa amechapa ukurasa ule na kuubandika ukutani, chini ya saa, mahali penye heshima. Juu yake: Constance Asende, mjane, Baraka. Chini yake: sindano ya wavu, kijito, kitambaa cha kwaya, gunzi la hindi.

"Unaona? Bazungu balimufuata mu kambi, na Ulaya yote banatusoma," alisema. "Lakini Mama Shukuru, mi sikujua kama bwana ya Constance naye balimuua pale. Nilifikiri alikufa na tumbo?"

Anastasie alikuwa anaangalia watu. Kila mmoja alikuwa anakwepa macho ya mwenzake, maana kitambaa kile cha kwaya Baraka nzima ilikuwa inakikumbuka. Mlangoni, amekaa juu ya pikipiki, alikuwapo Lionel, dereva wa Baba Mapasa. Lionel aliomba nakala. Papa Nasoro, mfanyabiashara, alikuwa amekwisha mpa.

"Papa Nasoro, toa hii kintu ku ukuta," Anastasie akasema kwa sauti ndogo.

"Juu ya nini?"

"Toa tu. Nakuomba. Toa!"

Mzee akaitazama sura yake, akaitoa. Kwa mara ya kwanza akaelewa alichokuwa akikisoma. Aliwafukuza wateja wote kwa kusingizia kwamba mafuta ya jenereta yameisha. Wakabaki wawili, na hapo Anastasie akamwambia kwamba Constance hajawahi kusimulia lolote, na aliyesema ni nani.

"Ee Mwenyezi Mungu," alisema Papa Nasoro. Akakaa.

Walitafuta msaada ndani ya tovuti ile ile. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na ukurasa mrefu juu ya siri na habari za watu. Papa Nasoro aliufungua kwa matumaini, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Chuo kinaheshimu siri ya kila mtu. Chuo hakitunzi jina lako. Chuo hakitaki kujua uko mji gani, wala unatumia mashine gani, na ukitaka kuzuia hata hayo kidogo wanayoyaona, bonyeza hapa.

"Hii siri ni ya nani?" Anastasie akauliza.

"Ya mwenye kusoma."

"Na ya mwenye kusema?"

Papa Nasoro akashuka, akapanda, akashuka tena. Juu ya wenye kusema palikuwa na mstari mmoja: majina yote yamebadilishwa. Basi. Lionel aliyeondoka na nakala yake, yeye chuo kimemlinda kabisa asijulikane amesoma nini na akiwa wapi. Ukitaka kucheka, cheka.

Palikuwa na anwani kwa mtu anayetaka habari zake ziondolewe. Waliandika siku hiyo hiyo. Papa Nasoro alitumia Kifaransa chake chote cha shule ya mapadri, akaeleza kwamba jina hili ni la mtu hai, kwamba mtu huyo yuko hatarini, kwamba tafadhali, kwa jina la Mungu, waliondoe. Anastasie alisimama nyuma yake akishika kiti kana kwamba ni yeye anayekizuia kisianguke.

Namba ya Norbert, walipoipiga, ilijibiwa na sauti ya mwanamke wa mashine, kwamba haipatikani.

Kesho yake Baba Mapasa alikuja mwenyewe kununua ndagala. Hakuwa na kawaida ya kuja mwenyewe. Alichuchumaa, akachota samaki kwa kiganja, akawanusa.

"Mama Shukuru, ule Constance Asende, si njo yaya yako?"

"Ni yaya yangu."

"Iko wapi siku hizi?"

"Ng'ambo, mu kambi. Yeye harudi tena huku. Alishazoea kule."

"Atarudi tu," Baba Mapasa akasema kwa upole. "Kwao muntu ni kwao."

Akachukua fungu kubwa na kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa, bila kugombana. Mtu yule hajawahi kununua hata kiberiti bila kugombana. Alipoondoka, Anastasie alijikuta amekaa juu ya samaki wake.

Najua mtakachosema. Mtasema, si angeenda tu kwa mtu yule akamwambia, ni mimi, dada yangu hajui kitu? Alienda. Alivaa kitenge safi, akafika mpaka kwenye lango lake la bati. Akasikia mapacha wakicheza ndani. Akafikiri: nikisema ni mimi, ataamini kwamba mtu alitoa jina la dada yake bure bure? Ataona tu kwamba walioona ni wawili. Tena akamfikiria Shukuru na watoto wake kule Mboko, na pikipiki za mtu huyu zinazofika Mboko kila siku. Miguu ikamgeuza yenyewe. Alirudi nyumbani akiwa anajichukia, na kujichukia hakukumsaidia Constance kitu.

Jibu la chuo lilikuja. Papa Nasoro alimwita, akafunga mlango, akasoma. Walikuwa watu wenye adabu sana. Walimshukuru kwa kuandika. Walisema usalama wa mashahidi ndio jambo lao la kwanza. Lakini ushuhuda unaweza kuondolewa na mwenyewe tu, na ili wajue kwamba yeye ndiye mwenyewe, atume nakala ya kitambulisho. Iwapo jina la kitambulisho halifanani na lile la ushuhuda, wanasikitika: zile karatasi zilizounganisha majina ya kweli na majina ya kuazima zilichomwa utafiti ulipokwisha, kwa ajili ya kuwalinda mashahidi. Sasa hata wao wenyewe hawawezi kujua nani alisema nini. Juu ya Bi Constance Asende hawawezi kuzungumza na mtu mwingine, kwani hiyo ingekuwa kuvunja siri yake. Bi Constance akitaka, awaandikie yeye mwenyewe. Vinginevyo, kamati itakutana baada ya likizo.

Anastasie alisikiliza mpaka mwisho.

"Banasema mi si mi," alisema.

"Banasema habajue."

"Lakini mi nilikuwa pale, Papa Nasoro! Nilikunywa chai yabo! Ule mama alilia, mi nikamuangalia!"

Papa Nasoro alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Aliandika barua nyingine, kali zaidi, na nyingine baada ya hiyo. Kila moja ilijibiwa papo hapo na mashine, kwamba ujumbe wako umepokelewa na siri yako itaheshimiwa.

Katikati ya hayo ndipo simu ilipopigwa kutoka Nyarugusu. Constance hakuwa na simu, alitumia ya jirani yake wa kambini, na namba aliyokuwa nayo ya Baraka ilikuwa ya Papa Nasoro. Kibanda kilikuwa kimejaa watu waliokuja kuchaji. Lionel naye alikuwapo, amekaa kwenye benchi, siku hizi alikuwa na simu ya kuchaji kila siku.

"Nasta! Nasta mudogo wangu!" Sauti ya Constance ilikuwa kubwa, ya mtu anayecheka. "Mi nakuya! Tuliandikwa na batu ya bakimbizi, tunarudi na boti. Karata yangu ya chakula nilisharudisha. Mi si mukimbizi tena, mudogo wangu, niko mama ya Baraka!"

"Yaya," Anastasie alisema, akageukia ukuta. "Yaya, bado. Usikuye saa hii. Ngojea kidogo."

"Ningojee nini?"

Nyuma yake watu walikuwa wamenyamaza, kama watu wanyamazavyo simu ya mwenzao inapokuwa tamu.

"Huku haiko muzuri, yaya. Ngojea paka nikuambie."

"Haiko muzuri namna gani? Batu yote banarudi! We unaishi huko kila siku, haujafa."

"Nitakueleza. Siwezi sema hapa."

Constance aliposema tena, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Anastasie. Ni shamba ya baba?"

"Hapana, yaya!"

"Unakula mihogo yake peke yako, miaka yote hii, mi sikuuliza kitu. Sasa unanikataza kwetu?"

"Yaya, naapa mbele ya Mungu, si shamba..."

"Mi nilikubeba mu mugongo, we mutoto," Constance akasema, na simu ikakatika. Hakuna aliyeikata ila yeye.

Anastasie alibaki na simu sikioni. Alitamani kupiga ukelele, aseme yote mbele ya watu, liwalo na liwe, lakini macho ya Lionel yalikuwa juu yake, na mdomo ukagoma. Jioni aliazima simu ya jirani yake Gentille, akajificha nyuma ya choo, akapiga kambini. Jirani wa Constance alimjibu kwa furaha: ameondoka sasa hivi na malori ya kwenda Kigoma, amevaa vizuri, ameimbiwa na kwaya nzima. Ndiyo, simu hana. Hapana, hakuna namna ya kumpata, kule Kigoma wanakaa ndani ya uzio wakingojea boti.

Akaenda kwa watu wa wakimbizi pale Baraka, kwenye ofisi yao yenye bendera. Karani mmoja, Fabien, alimpa kiti. Anastasie alimwomba amzuie mtu mmoja asipande boti. Fabien aliuliza jina, na Anastasie alipolitaja, karani akafunga daftari lake kwa heshima. Habari za mkimbizi ni siri, mama. Hatuwezi kumwambia mtu yeyote kama yumo au hayumo. Ni kwa usalama wake mwenyewe. Anastasie alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na Fabien akaenda kumletea maji.

Boti lilifika mchana, jua kali, ziwa limetulia. Nusu ya mji ilikuwa bandarini, ngoma zinapigwa, wanawake wanapiga vigelegele hata kwa watu wasiowajua. Kamba ilikuwa imefungwa kuzuia watu, na nyuma yake waliorudi walipangwa mstari na magunia yao, kuku wao, watoto waliozaliwa ng'ambo wakishangaa kwao. Anastasie alimwona yaya wake mara moja. Amenenepa. Nywele zimeingia mvi. Alivaa kitenge kipya na anatazama watu kwa kiburi kidogo, akimtafuta mtu na wakati huo huo akijifanya hamtafuti.

Anastasie alipita chini ya kamba, polisi akamrudisha. Akapita tena, akarudishwa kwa nguvu zaidi. Aliita, "Yaya! Yaya Constance!" lakini ngoma zilikuwa kubwa. Upande wa pili, kivulini mwa boti lake lenye injini, Baba Mapasa alikuwa amesimama na Lionel, mikono nyuma, kama mwenyeji.

Fabien akachukua kipaza sauti. Kila aliyerudi alipaswa kuitika jina lake ili apewe blanketi na ndoo. Siku ile siri ilikuwa imekwisha, kipaza sauti kilisikika mpaka sokoni. Akaita huyu, akaita yule. Halafu akaita:

"Constance Asende!"

"Niko mi!" Anastasie akapiga ukelele. "Constance Asende njo mi!"

Alikuwa amekwisha vuka kamba, anakimbia, mkono juu. Hakuwa amepanga. Alitaka tu, mara moja, wale wawili kivulini waangalie upande wake. Watu waligeuka. Fabien alimtazama, akamtambua, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama, we uko mukaaji wa hapa. Usiibe vitu ya bakimbizi."

Wu! Kicheko kilichopigwa bandarini! Mama Shukuru, mwuza ndagala, anaiba ndoo ya dada yake! Wanawake wenzake wa samaki walijishika mbavu. Mtu akapiga mluzi. "Mimi ndiye niliyesema!" Anastasie alikuwa akilia. "Ni mimi nilisema, si yeye, mi njo niliona!" na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka, kwa sababu hakuna aliyejua anasema habari gani, isipokuwa wale wawili wa kivulini, na hao hawakuamini. Baba Mapasa hakucheka. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama dada mwema anayejaribu kumficha mwenzake. Hapo Anastasie alijua kwamba alichokifanya sasa hivi kimemthibitishia mtu yule kwamba aliyesema ni Constance.

"Aliyeitwa ni mi," alisema Constance kutoka mstarini, kwa sauti baridi. Alitoka mbele, akaonesha karatasi yake yenye picha, akapokea blanketi na ndoo. Alipopita karibu na mdogo wake alisema, bila kusimama, "Kumbe ni juu ya ndoo tu."

"Yaya, nisikilize. Yaya, tukimbie, usiende nyumbani, nisikilize kwanza..."

"Niache. Unanipatisha haya mbele ya batu."

Baba Mapasa alikuwa amekwisha fika. Alivua kofia.

"Karibu kwetu, Mama Constance," alisema. "Tulikungojea. Habari zako tulizisoma, hata mimi mwenyewe nilizisoma zote."

Constance alisimama. Hakuna mtu mkubwa aliyewahi kumvulia kofia, si Baraka, si kambini. Akamtazama mtu yule mpole, nguo safi, kisha akamgeukia mdogo wake, na usoni kiburi na furaha vilikuwa vimechanganyika.

"Unaona?" alimwambia. "Wewe ulitaka nisikuye, na hata bakubwa bananijua."

Anastasie alifungua mdomo. Baba Mapasa alikuwa anamtazama, na nyuma ya Baba Mapasa askari wawili wa bandari walikuwa wanamsalimia kwa kumwita mkubwa.

"Lionel," Baba Mapasa akasema, "beba mizigo ya mama na pikipiki. Umufikishe paka kwenye analala."

"Mungu akubariki, papa," alisema Constance. Akapanda nyuma ya Lionel, akaweka ndoo mapajani, akaanza kumwelekeza njia ya nyumbani kwao kwa mkono: upite soko, upande kwa wamisionari, mlango wa buluu, hata ukija gizani huwezi kupotea.